Kiwanja chetu kilikuwa na mita 386

Mwezi wa saba 2022 niliwaandikia makocha kumi na wanne wa vyuo vya Marekani kuwaambia kwamba nina msichana wa kidato cha nne, hapa Mombasa, anayekimbia mita 800 kwa dakika 2 na sekunde 11. Niliandika usiku watoto wangu wamelala, kila barua nikaipitia mara tatu, nikaamini nimefanya kazi ya maana. Wiki haijaisha, kocha mmoja akajibu. Hakusifu wala hakuahidi. Aliuliza mambo matatu tu: saa ilikuwa ya mkono au ya mashine? Kiwanja kilipimwa na nani? Na je, ipo video ya mbio nzima, isiyokatwa?

Swali la pili lilinikosesha usingizi. Kiwanja cha shule yetu ni cha nyasi na mchanga, na mistari yake huchorwa kwa chokaa kila muhula ukianza, kwa kufuata mabaki ya mistari ya muhula uliopita. Nimefundisha pale miaka kumi na miwili na sijapata kumwona mtu akikipima. Jumamosi ile nikaazima kanda ya mita 50 kwa fundi aliyekuwa akijenga nyumba jirani, nikaenda na wanafunzi wawili na kopo la chokaa. Tulipima sentimita 20 nje ya mstari wa ndani, maana ndivyo inavyotakiwa mahali pasipo na ukingo. Kwenye kona tulikwenda hatua fupi fupi, mmoja ameshika mwanzo wa kanda, mwingine anatia alama, ili kanda isikate njia ya mkato. Mara ya kwanza tukapata mita 385 na kitu. Mara ya pili, 386.

Nikaketi pale pale kwenye kona. Raundi mbili za kiwanja chetu ni mita 772. Binti huyu alikuwa akimaliza mbio zake mita 28 kabla ya mwisho, na mita 28 kwa mwendo wake ni karibu sekunde 5. Ile 2:11 niliyoitangaza Marekani nzima ilikuwa 2:16. Kwa msichana wa mita 800 hiyo si tofauti ndogo. Ni tofauti ya kocha kukupigia simu na kocha kukupita.

Nilimweleza binti mwenyewe kwanza, kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote. Alinyamaza kidogo, akachora mchangani kwa kidole cha mguu, kisha akauliza, "Kwa hiyo Mwalimu, ni mimi niliyekuwa mwongo?" Nikamwambia la, mwanangu, mwongo ni mstari, na aliyeuamini ni mimi. Usiku huo niliwaandikia tena wote kumi na wanne nikisahihisha. Kumi hawakujibu barua yoyote, ya kwanza wala ya pili. Wawili walishukuru na wakanyamaza moja kwa moja. Mmoja alisema nafasi zimejaa. Yule wa maswali matatu akaandika sentensi moja: mtafutie mbio zenye saa ya mashine, kisha tuzungumze.

Naandika haya kwa sababu kila muhula wananijia wazazi na walimu wenzangu wa Likoni, Changamwe, hata Kilifi, wakiwa na mtoto mwenye mbio na wanaulizia "njia ya Marekani". Njia ipo. Lakini katika watoto watatu niliojaribu kuwasaidia, hakuna aliyeangushwa na miguu yake. Waliangushwa, au nusura waangushwe, na mambo ambayo sisi watu wazima tulipaswa kuyajua mapema.

Wa kwanza alikuwa mvulana wa masafa marefu. Alimaliza shule 2016. Wakati huo nilichojua kuhusu riadha ya vyuo ni majina tu: Henry Rono aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, na Paul Ereng aliyekwenda University of Virginia na kurudi na dhahabu ya Olimpiki ya mita 800 kutoka Seoul 1988. Nilidhani mtoto akiwa hodari ataonekana. Basi tukamwacha aendelee kukimbia mbio za barabarani, "apate makali kwanza". Alikimbia Mombasa, Malindi, na mara moja Nairobi. Zawadi aliyopata kubwa kuliko zote ilikuwa shilingi elfu ishirini, na aliitumia kumlipia mdogo wake karo.

Tulipoanza kuandika barua ilikuwa 2019. Kocha mmoja wa chuo cha daraja la kwanza, la juu kabisa, alimpenda sana mpaka alipoomba orodha ya mbio zote alizokimbia tangu amalize shule. Ndipo tukafahamu kanuni ambayo nataka kila mzazi aijue kama anavyojua tarehe ya kuzaliwa ya mwanawe. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi kule, kilikuwa kinampa mwanariadha mwaka mmoja tu baada ya kumaliza sekondari. Baada ya mwaka huo, kila mwaka ulioshindana katika mbio zilizoandaliwa rasmi ulikukatia msimu mmoja kati ya minne uliyokuwa nayo, na ukifika chuoni ulikaa mwaka mzima bila kushindana. Kijana wetu alikuwa amekula misimu yake barabarani. Na zile zawadi nazo zilikuwa shauri jingine, kwa kuwa kanuni ya uridhaa, ya kutofanya mchezo kuwa biashara, wakati huo iliruhusu fedha za kufidia gharama halisi za kwenda kukimbia, si faida. Kocha alikuwa muungwana. Alisema hawezi kumpa ufadhili mtu atakayekaa mwaka mmoja bila kushindana na kubakiwa na misimu michache. Kijana yule leo anafanya kazi kwenye yadi ya makontena Miritini. Hajanilaumu hata siku moja, nami nimejilaumu kwa niaba yake.

Kwa hiyo ukiwa na mtoto wa kidato cha pili mwenye mbio, anza sasa. Makocha wa daraja la kwanza hawaruhusiwi kumwandikia mwanafunzi kabla ya tarehe 15 Juni baada ya mwaka wa pili wa sekondari yao, kwa hiyo ukimya wa kabla ya hapo si dharau. Lakini fomu za wanariadha zilizo kwenye tovuti za vyuo unaweza kuzijaza wakati wowote, na ni bure.

Na ujue unaomba wapi. NCAA ina madaraja matatu. La kwanza na la pili hutoa ufadhili wa michezo. La tatu halitoi wa michezo hata senti, ingawa vyuo vyake hutoa msaada kwa alama au kwa uhitaji. Vyuo vya Ivy League viko daraja la kwanza na navyo havitoi wa michezo. Nje ya NCAA kuna NAIA, yenye vyuo vidogo, na NJCAA ya vyuo vya miaka miwili, ambavyo watu wetu huvidharau bila sababu. Sally Kipyego alianzia chuo cha miaka miwili, South Plains kule Texas, kabla ya kwenda Texas Tech na kuwa bingwa mara tisa wa NCAA.

Wa pili nitampitia haraka kwa kuwa bado kunauma. Baba yake alikutana na mtu mjini aliyesema ana "nafasi tatu zilizobaki" katika chuo kimoja, ada ya wakala laki moja na themanini. Nilikuwepo kwenye mkutano. Mtu yule alikuwa na shati lililopigwa pasi vizuri na barua zenye nembo, na mimi, mwalimu, sikuuliza hata jina la kocha. Tulitanguliza elfu thelathini. Simu ilizimwa baada ya siku tisa. Mwaka 2023 niliposikia wazazi wa Uasin Gishu wakiandamana kudai pesa walizolipia masomo ya Finland na Canada, niliijua ile sauti yao. Kocha anayemtaka mtoto huzungumza naye mwenyewe, humwona kwa video, huulizia alama zake, na haombi pesa. Ushauri wa masomo ya Marekani hutolewa bure na EducationUSA, wana kituo ubalozini Nairobi na huzungumza na watu kwa mtandao pia.

Sasa nirudi kwa binti wa mita 386.

Kuna jambo lililotokea kabla ya barua zile, mwezi wa tano, ambalo nalikumbuka kuliko yote. Tulikuwa uwanja wa Tononoka, saa saba mchana, jua limesimama utosini na unyevu ule wa baada ya mvua unaokufanya uvute pumzi kama umefunikwa blanketi bichi. Nilimpa mita 300 mara sita, mapumziko mafupi. Ya nne akaanza kuyumba. Ya tano miguu ikakatika, akapiga magoti mita sitini kabla ya mstari. Nikamfokea. Nilisema mbele ya wenzake kwamba wasichana wa Iten, ule mji wa wakimbiaji kule Bonde la Ufa, hawapigi magoti. Akajaribu kuinuka, akashindwa. Alisema, "Mwalimu, sikuchoka mimi. Miguu ndiyo iliyokataa." Nami nikaona anajitetea.

Na mimi ndiye mtu niliyesimama kando ya kamba kwenye uwanja wa gofu wa Mombasa tarehe 24 Machi 2007, Mashindano ya Dunia ya Nyika yalipokuja kwetu. Nilimwona Kenenisa Bekele, aliyekuwa hajashindwa katika mashindano yale kwa miaka mitano, akiacha mbio raundi ya mwisho kwa joto letu, na Zersenay Tadese wa Eritrea akishinda. Niliona kwa macho yangu kwamba jua la Pwani linamsimamisha hata mkimbiaji bora duniani, kisha miaka kumi na tano baadaye nikamfokea mtoto wa miaka kumi na saba saa saba mchana.

Sababu ya miguu yake kukataa niliijua mwaka uliofuata tu, chuo kilipotaka vipimo vya afya. Miongoni mwake kulikuwa na kipimo cha selimundu, ambayo wengi huku tunaiita sikoseli. NCAA hutaka hali hiyo ijulikane kwa kila mwanariadha kabla hajaanza mazoezi. Tulipima kwenye maabara mjini kwa gharama isiyofika elfu mbili. Majibu yakaja AS. Maana yake si mgonjwa, amerithi upande mmoja tu, na watu wengi wa Pwani wako hivyo bila kujua. Anaweza kukimbia, hata kushinda. Lakini mtu wa AS akisukumwa mbio kali mfululizo kwenye joto, bila maji na bila mapumziko ya kutosha, misuli inaweza kukataa ghafla, na wapo wanariadha waliopoteza maisha kwa hilo. Kukatika kwa miguu bila kuhema sana ni dalili yenyewe. Alinieleza dalili ile Tononoka kwa maneno yasiyo na kosa, na sikumsikia.

Nilikwenda Kisauni kwa bibi yake kumwomba radhi, maana ndiye aliyemlea. Nilimkuta anasonga unga wa mahamri ya asubuhi. Nilimweleza yote, hata maneno niliyomfokea nayo. Alifuta mikono, akasema, "Mwanangu, wewe umekuja kuniambia. Wengine hawaji." Kisha akaniuliza kitu kimoja tu: huko anakokwenda, kuna mtu atakayemkumbusha kunywa maji?

Tangu siku hiyo kila mtoto anayejiunga na mazoezi yangu anapima kabla sijamshikia saa. Mazoezi magumu ni saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Na anayesema miguu imekataa anakaa kivulini, sitaki maelezo zaidi.

Mbio zenye saa ya mashine tulizipata Nairobi, baada ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, mwanzoni mwa 2023. Safari ya kwanza niliiharibu mimi. Ili kubana matumizi tulipanda basi la usiku, tukafika alfajiri, akakimbia saa nne asubuhi na miguu imevimba. Dakika 2:19. Alilia njia nzima mpaka Mtito Andei. Safari ya pili tulitangulia siku mbili, tukalala kwa shangazi yangu South B, siku ya katikati akatembea tu na kunyoosha viungo. Dakika 2:14 na nukta. Hiyo ndiyo saa aliyokuwa akiisubiri yule kocha. Gharama ya safari mbili, nauli, chakula na ada ya kushiriki, ilikaribia elfu kumi na nane. Ningelijua, ningefanya safari moja.

Video niliipiga kwa simu kutoka jukwaani, nimesimama juu katikati ya mstari wa kumalizia, simu ikiwa imelala si kusimama, bila kumkaribia kwa kuvuta picha, ili kocha aone amekaa wapi katika kundi na anaonekanaje mita 200 za mwisho. Niliwaambia waliokaa karibu nami wasinipigie kelele sikioni. Kocha baadaye alisema kilichomvutia zaidi si saa. Alipenda kwamba mita ya 500 alifungiwa ndani na hakubabaika, akasubiri, akatoka pembeni.

Kuna wanaonambia mtoto wa Pwani hawezi kushindania nafasi hizi na wale wa Bonde la Ufa. Kwa masafa marefu sina ubishi mkubwa. Lakini makocha wanatafuta pia mita 400, 800, kuruka na kurusha, na saa iliyopatikana usawa wa bahari haihitaji hesabu yoyote ya mwinuko ili waielewe.

Sasa karatasi. Hapa ndipo nilipochoka kuliko uwanjani.

Jina la baba liliandikwa kwa "s" kwenye cheti cha kuzaliwa na kwa "z" kwenye cheti cha darasa la nane, na KCSE ikafuata "z". Herufi moja. Ilitugharimu kiapo kwa wakili, safari nne za ofisi na majuma saba, na pasipoti ikangoja nyuma yake. Angalia majina ya mtoto akiwa kidato cha kwanza, kabla hajasajiliwa kwa mtihani, maana baadaye kila karatasi itafuata ile ya mtihani. Pasipoti wakati huo ilikuwa shilingi 4,550. Tangu hapo imepanda.

Alipata C+. Chuo na ofisi ya NCAA ya kuhakiki wanafunzi walitaka karatasi za kidato cha kwanza hadi cha nne pamoja na matokeo ya KCSE. Uthibitisho wa matokeo huombwa KNEC, baraza la mitihani, kwa mtandao na hulipiwa. Lakini hati za shuleni ndizo zilizotuletea shida, kwa kuwa alikuwa na deni la karo na shule aliyosoma vidato viwili vya mwanzo ilikuwa haitaki kuzitoa. Nilikwenda mwenyewe, nikaketi nje ya ofisi siku mbili, tukakubaliana bibi alipe kidogo kidogo. Usajili wa NCAA kwa mwanafunzi wa nje ulitutoka takriban elfu ishirini za Kenya. NCAA ilikuwa imeshaondoa sharti la SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, Januari 2023, na chuo chake hakikuuomba, hivyo tuliokoa hapo; ila kuna vyuo vinavyouomba bado, kwa hiyo uliza kila kimoja.

Mtihani wa Kiingereza aliufanyia nyumbani kwa Duolingo, na wakati huo haukufika dola 60. Mara ya kwanza ulifutwa kwa sababu mdogo wake aliingia chumbani kuomba chaja. Hairuhusiwi mtu mwingine kuonekana wala kusikika. Mara ya pili nilimfungia kwenye maabara ya shule siku ya Jumapili nami nikalinda mlango.

Mazungumzo na kocha yalikuwa ya video, usiku wetu. Huko kwao jioni ikianza, hapa ni usiku wa manane, kwa hiyo pangeni saa mkijua tofauti hiyo, na mjue kwamba Machi huko wanasogeza saa mbele. Nilimzoeza kuuliza, maana watoto wetu wamefundishwa kwamba kumuuliza mkubwa ni utovu wa adabu. Aliandika maswali kwenye daftari: Wanariadha wako wangapi wanamaliza shahada? Nikiumia, ufadhili unabaki? Nitakimbia mbio za nyika hata kama mimi ni wa 800? Naweza kuvaa hijabu na suruali ndefu? Na Ramadhani je? Hilo la mwisho aliliuliza mwenyewe, halikuwemo daftarini. Ramadhani ya 2023 ilikuwa Machi na Aprili, na wakati ule alikuwa akifanya mazoezi mepesi nusu saa kabla ya magharibi, kisha tende, maji na uji, kisha swala, ndipo kaimati na viazi. Kocha alisema hajawahi kuwa na mwanariadha anayefunga na kwamba angependa kujifunza. Kuhusu mavazi alisema hana neno, wataangalia kanuni pamoja. Jibu la kuumia lilikuwa refu mno, na nilimwambia binti akaliombe kwa maandishi. Alipewa.

Ofa ilikuja mwishoni mwa Aprili, chuo cha daraja la pili. Nilipiga kelele jikoni. Kisha nikaisoma tena.

Ufadhili haukuwa kamili. Na huenda ndilo jambo ambalo wazazi wengi hawaelewi. Miaka ile chuo cha daraja la pili kiliruhusiwa ufadhili kamili 12.6 tu kwa kikosi chote cha riadha na nyika cha wasichana, na kocha anaukata vipande kwa wasichana thelathini au zaidi. Kwa daraja la kwanza kanuni zimebadilika tangu 2025: vyuo vilivyoingia makubaliano mapya havina tena kikomo cha ufadhili ila vina kikomo cha watu, 45 kwa riadha na 17 kwa nyika, kwa hiyo nafasi za pembeni zimepungua. Binti yetu alibakiwa na pengo la dola 6,200 kwa mwaka, na dola ilikuwa kama shilingi 140. Piga hesabu: shilingi 868,000. Chuo hakiwezi kutoa I-20, fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi, mpaka uonyeshe kwamba pengo hilo lina mtu wa kulilipa.

Tulifanya harambee mbili, moja shuleni na moja mtaani. Mama yake mdogo aliyeko Oman alitoa sehemu kubwa zaidi. Kamati ya msikiti ilichangia. Mimi nilichukua mkopo wa Sacco wa laki mbili bila kumwambia mume wangu, na alipoona makato kwenye hati ya mshahara nyumba ilikuwa moto kwa majuma mawili. Alikuwa na haki ya kukasirika. Mwalimu mwenzangu, usifanye kama mimi. Zungumza nyumbani kwanza, na weka kiwango ambacho hutakivuka, kwa kuwa mwaka wa pili nao unakuja na pengo lake. Mwisho wa yote tulimwandikia kocha waziwazi kwamba tuna uwezo wa kiasi hiki, hatuna zaidi. Akaongeza dola elfu moja na mia tano, na akatuonyesha ufadhili mwingine wa chuo wa alama za masomo ambao hatukuuomba kwa kutoujua. Tungeuliza mapema mkopo ule haungehitajika.

Juni na Julai zilikuwa za viza. Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, ya viza dola 185, ndiyo kwanza ilikuwa imepanda kutoka 160. Wote waliomfanyia mazoezi ya mahojiano walimfundisha majibu ya kukariri. Nikayafuta yote. Nilimwambia aeleze anasoma nini, nani analipa na kiasi gani, na atarudi kufanya nini, kwa maneno yake. Tulikwenda Nairobi kwa treni ya SGR. Mahojiano hayakufika dakika nne. Afisa alimuuliza mita 800 anakimbia kwa muda gani. Akasema 2:14, saa ya mashine.

Aliondoka Agosti na mabegi mawili na koti moja la mitumba tulilolinunua Kongowea, ambalo kumbe halikutosha hata kwa Oktoba. Nilikuwa sijamwandalia kwa yale yaliyomngoja. Msimu wa kwanza ni mbio za nyika, na yeye wa mita 800 akajikuta anakimbia kilomita tano na sita kwenye matope ya baridi, akapata maumivu ya muundi Septemba. Wa pili unakimbiwa ndani ya jengo, kwenye mzunguko wa mita 200 wenye kona kali. Wa tatu ndio wa nje. Anatakiwa awe na angalau kredit 12 za masomo kila muhula ili aruhusiwe kushindana, na mabasi ya mashindano huondoka Alhamisi mchana wakati darasa la Kemia linaendelea. Alinipigia simu Novemba saa kumi alfajiri kwetu akisema anataka kurudi nyumbani. Nilimsikiliza. Sikumwambia kuhusu wasichana wa Iten. Nilimwomba aende kwa daktari wa timu kuhusu muundi na kwa mshauri wa masomo kuhusu Kemia, siku hiyo hiyo, na anipigie tena jioni. Alipiga.

Watoto ninaowafundisha sasa, saba, wana daftari moja kila mmoja. Ukurasa wa kwanza majina kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Wa pili majibu ya kipimo cha damu. Kisha mbio zote, tarehe, mahali, saa ya mkono au ya mashine. Kiwanja tumekichora upya, vigingi vinne vya chuma vimezikwa kwenye kona, na yule kijana wa Miritini huja Jumamosi moja moja kunisaidia kushika saa.

Februari 2024 binti alituma video ya mbio zake za ndani, mita 800, mizunguko minne. Niliipeleka Kisauni. Bibi aliitazama simu kwa mbali kwa sababu ya macho, akahesabu mizunguko kwa vidole. Binti alipomaliza mzunguko wa nne, akiwa mtu wa tatu kufika, wenzake wakamkumbatia. Bibi akaniomba nirudishe nyuma, pale alipovuka mstari. Nikarudisha. Akaisogeza simu karibu.

"Ngoja," alisema. "Nataka kuona kama amepewa maji."